Michezo ya video ya zamani: inakufa, ao inahama nyumba?

Papa mmoja mwenye sali ya michezo alitusimamisha siku moja nje ya radio, akatuuliza swali. Ndani ya sali yake kuko televizyo nne, PlayStation 2 tatu, na PlayStation 3 moja yenye maneti inayokataa kwenda kushoto. "Vijana wanakuja, wanaomba mpira wa mwaka huu," alisema. "Tekken yangu inabaki na watoto wadogo tu. Sasa niambieni, nyinyi watu wa radio: hizi michezo za zamani zinakufa? Nizitupe ao nizibakishe?"

Tulicheka kidogo. Kisha tukaona kama swali lake si la kucheka. Mtu aliyenunua mashini kwa akiba ya miaka, anayelipa nyumba kila mwezi, na anayenunua mafuta ya jenereta umeme ukipotea, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Akinunua mashini mpya na vijana wasije, amekwisha. Akibaki na za zamani na vijana wakahama, amekwisha pia.

Swali hilo liliulizwa hata mbali sana na Kivu. Makampuni makubwa ya Japani na Marekani yalijiuliza vilevile, na zaidi ya mara moja yalijibu vibaya. Yalisema aina fulani ya mchezo imekufa, yakafunga kazi, kisha nyuma ya miaka kumi yakakuta watu wanaipenda bado. Tulianza kutafuta ilikuwaje, na jibu tulilopata liko na faida kwa yule papa.

Mbele ya yote, tuelewane juu ya neno. Tunaposema "aina", hatusemi mchezo mmoja. Mpira ni aina. FIFA na PES ni majina mawili ndani ya aina hiyo. Kupigana watu wawili uso kwa uso ni aina ingine, na ndani yake kuko Tekken, Street Fighter, Mortal Kombat. Kuongoza jeshi zima na kujenga mji ni aina ingine tena. Mchezo mmoja unaweza kupotea na aina yake ikabaki, sawa vile wimbo unaweza kusahauliwa na rumba ikaendelea.

Sarafu moja, watu wawili

Tuchukue aina ya kupigana, juu yake ilizikwa kabisa na ikafufuka.

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II. Haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa kabati kubwa lenye televizyo ndani, kijiti cha kuongozea na butoni sita kwa kila mchezaji, imewekwa ndani ya sali, ao pembeni ya duka, ao kwenye baa. Unaingiza sarafu, unacheza. Mwingine anakuja, anasimama kando yako, anaingiza sarafu yake, mnapigana. Anayeshindwa anatoka, anayeshinda anabaki bila kulipa tena. Mtoto wa Bukavu, wa Uvira ao wa Bunia hana haja ya kuelezwa jambo hilo.

Kuna kisa kimoja cha mchezo huo ambacho tunakipenda. Wakati wa kuutengeneza, mmoja wa wakubwa wa kazi aliona kwamba mchezaji mwenye mikono myepesi anaweza kuunganisha pigo moja na lingine, mwenzake asipate hata nafasi ya kujikinga. Halikuwa jambo lililopangwa. Lilikuwa kosa ndani ya programu. Wakaliacha, wakifikiri ni vigumu sana, nani ataliweza? Vijana wa sali waliliweza. Leo karibu kila mchezo wa kupigana uko na mapigo ya kuunganisha, na kijana asiyeyajua anafukuzwa kwenye kiti ndani ya nusu dakika.

Wenye sali walifurahi, juu pambano linaisha upesi na sarafu ingine inaingia. Mwaka 1992 ikaja Mortal Kombat na damu yake, mpaka wakubwa wa Senati ya Marekani wakaitisha vikao mwaka 1993, na mwaka uliofuata makampuni yakaanza kuandika kwenye kifuniko mtoto wa miaka mingapi anaruhusiwa. (CD zetu nyingi hapa ni za kuchoma, hazina kifuniko, basi mzazi hawezi kusoma kitu.) Mwaka 1994 Namco ikatoa Tekken. Mashini yake ya sali ilijengwa kwa vyombo karibu sawa na vya PlayStation ya kwanza, ndiyo maana Tekken ilihamia nyumbani bila kupoteza uzuri wake. Tekken 3, iliyofika kwenye PlayStation mwaka 1998, bado iko ndani ya sali nyingi za Afrika.

Na hapo shida ikaanza. Kama mashini ya nyumbani inatoa picha nzuri sawa na ya sali, kwa nini mtu atoke kulipa sarafu? Sali za Marekani zikafungwa moja moja. Mwaka 1999 Capcom ikatoa toleo la tatu la Street Fighter III, kisha ikanyamaza. Street Fighter yenye namba mpya haikuja mpaka mwaka 2008. Ndani ya miaka tisa hiyo, watu wengi wa kazi hiyo walisema wazi kwamba aina ya kupigana imekwisha.

Kumbe walikuwa wanaangalia mahali pasipofaa. Watu hawakuacha kupenda mchezo. Walikosa mtu wa kucheza naye. Kwenye mchezo wa hadithi, mashini inakutosha. Kwenye mchezo wa kupigana, mashini ni ya kujizoeza tu: nyuma ya wiki mbili umeijua yote, na haina hasira, haina aibu, haiwezi kukutania mbele ya watu. Mchezo wenyewe ni yule anayekaa kando yako. Sali ilipofungwa, yule mtu alipotea.

Wenye kichwa kigumu

Waliookoa aina hiyo si kampuni. Ni kundi la vijana wenye kichwa kigumu. Mwaka 1996, kule California, wachezaji walianzisha shindano dogo ndani ya sali moja ya Sunnyvale. Lilikua pole pole, na mwaka 2002 likapewa jina la Evo. Hakukuwa makuta mengi. Watu walikuja na vijiti vyao kwenye mabegi, wakalala wengi katika chumba kimoja cha hoteli, wakapigana.

Mwaka 2004 ndani ya Evo kulitokea jambo ambalo vijana wanalitazama hadi leo kwenye telefone. Mjapani Daigo Umehara alikuwa anapambana na Mmarekani Justin Wong kwenye Street Fighter III. Daigo alikuwa amebakiza uzima kidogo sana: hata kujikinga kawaida kungemuua. Justin akatoa pigo kubwa lenye mateke kumi na tano mfululizo. Ndani ya mchezo huo kuko namna ya kuzuia pigo bila kupoteza kitu, lakini lazima usukume kijiti mbele kwenye sehemu ndogo ya sekunde, kwa kila teke peke yake. Daigo aliyazuia yote kumi na tano, kisha akarudisha na kushinda. Ukisikiliza ile video, kelele ya watu inaanza mbele mateke hayajaisha. (Wengi hawajui kwamba Daigo hakuchukua kombe siku hiyo. Alishindwa kwenye fainali na Mjapani mwenzake.)

Video hiyo ilizunguka dunia wakati intaneti ilikuwa inaanza kubeba video. Mwaka 2008 Capcom ikatoa Street Fighter IV kwenye sali za Japani, na mwaka 2009 ikaleta nyumbani. Aina iliyozikwa ikaamka. Hata hivyo, haikuamka sawa vile ilivyolala. Kwenye Street Fighter 6 ya mwaka 2023, mchezaji mpya anaweza kuchagua namna rahisi ambapo pigo la nguvu linatoka kwa butoni moja, bila zile hesabu za kuzungusha kijiti. Wazee wa mchezo walilalamika, sawa vile wazee wanalalamikia kila kitu. Lakini mwaka huohuo, zaidi ya watu 7,000 walijiandikisha kuucheza ndani ya Evo ya Las Vegas.

Kuko sababu ingine iliyosaidia, na hii ni ya ufundi. Mchezo wa kupigana unaonyesha picha 60 kila sekunde, na kila butoni lazima ionekane pande zote mbili saa ileile. Kama weye uko Goma na mwenzako iko Nairobi, ujumbe wa butoni yako unachukua muda njiani. Zamani mashini zote mbili zilingojeana: unabonyeza, mtu wako anachelewa kurusha ngumi, na kwenye mchezo huu kuchelewa ni kupigwa. Mmoja wa waanzilishi wa Evo, Tony Cannon, alitengeneza njia tofauti aliyoiita GGPO. Mashini haingojei. Inabahatisha kwamba mwenzako anaendelea kufanya kile alichokuwa anafanya, na inaendelea na mchezo. Ujumbe wa kweli ukifika na kuonyesha kama ilikosea, inarudi nyuma picha chache, inasahihisha, inakimbia mbele tena, mbio sana kiasi kwamba jicho mara nyingi halioni kitu. Makampuni ya Japani yalichelewa kuikubali njia ya namna hiyo. Kisha ikaja korona, mashindano ya uso kwa uso yakakatika, na Evo ya mwaka 2021 ikachezwa kwa intaneti. Hapo hakuna aliyebisha tena.

Tuseme ukweli lakini: njia hiyo inaficha umbali, haiufuti. Intaneti ikikatika kabisa, ao mega zikiisha katikati ya pambano, hakuna programu ya kukusaidia.

Kijana wa Lahore

Yule papa wa sali akisikia habari hii inayofuata, atakaa vizuri kwenye kiti.

Mwezi wa pili mwaka 2019, kijana wa Pakistani anayejulikana kama Arslan Ash alifika Fukuoka, Japani, kwenye Evo Japan, kucheza Tekken 7. Wakati huo wakubwa wa Tekken walikuwa Wakorea na Wajapani. Arslan hakujulikana nje ya sehemu yake. Kupata visa ilikuwa shida, safari ilizunguka, akafika amechoka. Akachukua kombe. Watu wakamuuliza ametoka wapi na kiwango hicho, akasema kwamba kwao kuko wengine wenye nguvu sawa naye. Walidhani ni unyenyekevu ao majivuno, hawakujua ni ipi. Mwezi wa nane wa mwaka huohuo akashinda hata Evo ya Las Vegas. Alirudia mwaka 2023, na mwaka 2024 kwenye Tekken 8.

Knee, Mkorea ambaye wengi walimhesabu kuwa bora duniani, alifunga safari mwaka 2019 mpaka Pakistani ili kujionea mwenyewe. Alikuta sali. Sali za kawaida za mitaa ya Lahore, zenye joto, zenye vijana wamejazana, mshindi anabaki na mwenye kushindwa anatoka. Wakati Marekani ilifunga sali zake na kusema aina imekufa, Lahore haikufunga. Hakuna aliyewaambia kwamba mchezo umekufa, basi waliendelea kuucheza, na wakafika mbele kuliko wote.

Karibu na sisi, Nairobi, kuko Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kigeni kwa kucheza Tekken. Dada zetu wanaoambiwa kwamba sali ya michezo si mahali pao wanaweza kumtafuta.

Mtoto aliyemla mama yake

Si kila aina inarudi kwa jina lake. Kuko zingine zinazozaa mtoto, na mtoto anakula chakula chote cha nyumba.

Aina ya kuongoza jeshi ilipata sura yake mwaka 1992 kwa mchezo Dune II, uliotengenezwa na Westwood Studios ya Las Vegas. Unachimba mali ya ardhi, unajenga kambi, unatengeneza askari, unamvamia jirani, na saa haisimami kukungojea. Wafuasi wake wakawa wengi: Warcraft mwaka 1994, Command & Conquer mwaka 1995, Age of Empires mwaka 1997, StarCraft mwaka 1998.

StarCraft ilipata bahati ya ajabu ndani ya Korea ya Kusini. Mwaka 1997 uchumi wa Asia ulianguka, watu wengi wakapoteza kazi. Wakati huohuo zilienea sali za ordinatere ambako kijana analipa kwa saa, na StarCraft ndiyo ilikuwa inachezwa humo. Ikafika kiwango cha kuwa na televizyo yake, timu zenye mishahara, na mashabiki wa kujaza viwanja. Tena sali, mnaona. Ligi kubwa ya timu za StarCraft kule Korea ilifungwa mwaka 2016, na Blizzard, kampuni iliyotengeneza mchezo huo, iliacha mwaka 2020 kutengeneza vitu vipya vya kuuza ndani ya StarCraft II.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko ndani ya mchezo mwingine wa Blizzard hiyohiyo. Warcraft III, ya mwaka 2002, iliuzwa pamoja na chombo cha kumwezesha mchezaji kuchora uwanja wake mwenyewe. Mashabiki wakakitumia, na mwaka 2003 mmoja wao akatoa uwanja ulioitwa DotA. Humo huongozi jeshi tena. Unashika shujaa mmoja tu, na wenzako wanne wanashika wengine, mnapambana na timu ya watu watano. Askari wanajiendea wenyewe. Ile kazi ngumu ya kuangalia mambo hamsini kwa mara moja iliondolewa, na kile ambacho watu walipenda zaidi, yaani shujaa na wenzake, kikabaki.

Wengine wakaujenga na kuusahihisha miaka mingi bila malipo. Mmoja wao akaenda kusaidia kuanzisha League of Legends, iliyotoka mwaka 2009. Mwingine akachukuliwa na kampuni ya Valve kutengeneza Dota 2, ya mwaka 2013; shindano lake la mwaka 2021 lilikuwa na mfuko wa zawadi unaopita dola milioni 40. Mwaka 2016 Mobile Legends ikaingiza jambo hilohilo ndani ya telefone. Kijana anayeucheza leo chini ya mti, na mega zake za mwisho, anacheza mjukuu wa Dune II bila kujua.

Mama hakufa lakini. Age of Empires II, ya mwaka 1999, ilitengenezwa upya mwaka 2013 na tena mwaka 2019, na bado inaongezewa falme. Mwaka 2015 iliingiza Waethiopia na Wamali. Haijazi viwanja, lakini wenye kuipenda wanatosha kumlisha anayeitengeneza. Kwa maoni yetu, huo ni uzima kamili. Aina ya mchezo haina lazima ya kuwa ya kwanza duniani ndipo ihesabiwe kuwa hai.

Michezo ya hadithi na mafumbo ilipita njia kama hiyo, na hatutakaa nayo sana. Ilianza mwaka 1976 kwa maandishi matupu: Mmarekani mmoja aliyependa kutembelea mapango, Will Crowther, aliandika programu ambamo unaandika neno na mashini inakujibu umefika wapi ndani ya pango. Kisha zikaja picha, kisha makampuni yakachoka kuitengeneza karibu na mwaka 2000. Mwaka 2012 watengenezaji wa zamani waliomba mchango kwa mashabiki, wakapewa zaidi ya dola milioni 3 kwa mchezo mmoja.

Kinachokufa kweli

Mpaka hapa mtu anaweza kufikiri kwamba tunasema hakuna kinachokufa. Hapana. Kuko kifo cha kweli, na kinatugusa sisi watu wa mashariki moja kwa moja. Aina zinahama, lakini michezo yenyewe inapotea.

Mwaka 2023 shirika la Marekani linaloshughulika na historia ya michezo ya video, Video Game History Foundation, lilitoa uchunguzi wake: kwa michezo ya zamani iliyotoka Marekani mbele ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena kwa njia halali ya kuuziwa. Aliye na CD iko nayo. Asiye nayo, basi.

Na ile ya leo iko na hatari zaidi, juu mingi haina CD. Inakaa kwenye seva, ni kusema ordinatere kubwa ya kampuni mahali fulani mbali. Kampuni ikizima seva, mchezo umekwisha kwa watu wote siku moja, hata kwa yule aliyelipa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mchezo wa magari The Crew wa kampuni ya Ubisoft, ya Ufaransa: ulitoka mwaka 2014, seva zikazimwa mwishoni mwa mwezi wa tatu 2024, na wenye CD mkononi wakabaki na kioo cha kujitazama. Mashabiki wengi walikasirika, na kutoka hapo kukaanza mwito wa kuomba sheria Ulaya ili kampuni isiache mchezo ukiwa haufai kitu.

Sasa turudi kwenye mpira, ambao ndio unalipa nyumba ya papa wetu. PES 2014 na FIFA 14, zilizotoka mwaka 2013, zilikuwa za mwisho za majina hayo kutengenezwa kwa PlayStation 2. Toka hapo, kila mchezaji mpya ambaye vijana wanamwona uwanjani ndani ya PlayStation 2, aliwekwa na mikono ya mashabiki waliofungua CD na kubadilisha majina, jezi na nyuso. Mwaka 2021 Konami iliacha jina la PES na kuleta eFootball: kuichukua ni bure, lakini inategemea intaneti, na kampuni inapata makuta yake ndani ya mchezo. FIFA nayo ilibadilisha jina mwaka 2023, ikaitwa EA Sports FC. Aina ya mpira haijafa, tena iko na nguvu sana. Lakini nyumba yake imehama kutoka CD kwenda seva, na mlango wa nyumba hiyo ni mega.

Hapa kwetu hilo si jambo dogo. PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi wa tatu mwaka 2000, wakauza zaidi ya milioni 150, na wakaacha kuitengeneza karibu na mwanzo wa 2013. Mwaka huo wa 2000 bei ya tantali, inayotoka ndani ya koltani ya ardhi yetu, ilipanda mara kadhaa kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Huko Ulaya kulikuwa watu waliotupa lawama yote juu ya PlayStation. Ukweli ni kwamba telefone na ordinatere zilikuwa na sehemu yao, pengine kubwa zaidi. Wazazi wetu walioishi miaka ile wanakumbuka vizuri kilichofuata kwenye machimbo. Tunalitaja tu ili mtu asiseme kwamba mashini hizo zilitufikia sisi mwisho. Sehemu yao ndogo ilitoka hapa kwanza.

Papa alijibiwa nini

Tulirudi kwake tukamwambia hivi.

Tekken asiitupe. Aina hiyo haikufa, na mahali ilipokaa na nguvu kuliko pote ni ndani ya sali kama yake. Haihitaji intaneti, pambano halifiki dakika tano, na watu wawili wakikaa, kumi wanasimama kutazama. Kama inabaki na watoto wadogo tu, shida pengine si mchezo. Pengine ni kwamba hakuna siku iliyopangwa ambapo vijana wakubwa wanajua watakutana na mtu wa kiwango chao. Lahore haikuwa na mashini bora kuliko za wengine. Ilikuwa na watu wanaokuja kila siku kumtafuta aliyewashinda jana.

Mpira, hapo hatuwezi kumdanganya. Kijana aliyezoea mpira wa mwaka huu kwa telefone ya rafiki yake atauomba. Lakini mbele ya kuweka dola zake kwenye mashini mpya, apige hesabu ya mega za kila mwezi, na ya siku umeme na intaneti havipo vyote viwili. Auze wakati wa mashini mpya kwa bei ya juu, na za zamani kwa bei ya chini; watoto wadogo wa leo ndio wateja wa kesho. Tena aangalie CD zake. Zinachubuka, na jicho la mashini linalosoma CD linachoka. Mashini za PlayStation 2 hazitengenezwi tena, ni kusema ile moja iliyokufa nyuma ya sali, iliyojaa vumbi, iko na vipande vya kuponyesha zile tatu.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Juma lililofuata tulipita, tukakuta ameandika kwa chaki ukutani: siku ya tano, saa kumi, Tekken, mshindi anabaki. Chini yake majina tisa, moja la msichana. Televizyo ya nne alikuwa ameigeuza itazame mlangoni, ili wanaopita njiani waone.

"Sasa," akatuuliza, "hii maneti isiyokwenda kushoto, mnajua mtu wa kuitengeneza?"